Saratani ya Nasaba na Majaaliwa ya Mwanadamu

Swali ninalotaka kulizungumza limo midomoni mwa watu tangu zamani, ijapokuwa aghalabu husemwa kwa sauti ya chini, na zaidi katika nyumba za matanga, pale anapozikwa mama aliyefariki kwa saratani ya ziwa, na waliohudhuria wakakumbuka kuwa mamake mzazi naye alikwenda kwa maradhi yayo hayo, na kwamba mama mdogo wa upande huo alikatwa ziwa kabla hajatimiza miaka arubaini. Maradhi yanapoandamana na damu kutoka kizazi hata kizazi, je, ni hukumu iliyokwisha kuandikwa juu ya ukoo mzima, isiyo na jawabu ila kungojwa, au ni mtihani kama mitihani mingine, ambao Mwenyezi Mungu amempa mja wake akili ya kuukabili? Na nyuma ya swali hilo lipo jingine, la matabibu, ambalo lisipojibiwa kwanza hilo la awali halijibiki kwa insafu: saratani hii ya kurithi ina tofauti gani na ile inayompata mwanamke ambaye katika nasaba yake yote haikupata kusikika?

Nitaanza na la matabibu, kwa sababu katika jambo hili watu wenye dini njema na nia safi wametoa hukumu nzito juu ya jirani zao hali hawaijui habari yenyewe ilivyo, na hukumu iliyojengwa juu ya ujinga, hata kama msemaji wake ni mcha Mungu, hubaki dhuluma.

Mnamo mwaka 1866 tabibu wa Paris aitwaye Paul Broca, ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa uchunguzi wake wa ubongo na usemi, alieleza katika kitabu chake juu ya uvimbe habari za ukoo mmoja, nao ulikuwa ukoo wa mke wake mwenyewe, ambamo kwa vizazi vinne wanawake walifariki mmoja baada ya mwingine kwa saratani ya matiti. Broca aliona kwa macho yake kwamba kitu fulani kinapita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, lakini zama zake hazikuwa na chombo cha kumwonyesha kitu hicho ni nini, na zaidi ya miaka mia ikapita kabla ya kupatikana jawabu. Aliyelifikia alikuwa mwanamke, Mary-Claire King wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ambaye tangu miaka ya 1970 alishikilia kuwa katika baadhi ya koo jeni moja tu huweza kuwa asili ya maradhi haya, wakati ambapo wanazuoni wengi wa fani yake hawakuamini kwamba ugonjwa wenye sura nyingi namna hii waweza kuwa na mzizi mmoja; na mwaka 1990 akaonyesha kuwa jeni hiyo imo katika kromosomu ya 17. Mwaka 1994 kundi la watafiti wa Utah likaitambua jeni yenyewe, ikapewa jina la BRCA1, na mwaka uliofuata kundi la Michael Stratton wa Uingereza likaitambua dada yake, BRCA2, iliyomo katika kromosomu ya 13.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwani husema, 'fulani ana jeni ya saratani,' kama kwamba wengine hawana. Sote tunazo jeni hizi mbili, wanaume kwa wanawake, na kila moja tunayo kwa nakala mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na kazi yake ni njema: kuutengeneza uzi wa DNA unapokatika, kwa maana katika mwili wa kila mtu aliye hai nyuzi hizo hukatika kila siku bila ya yeye kujua. Tulifikirie jahazi lililo safarini lenye mafundi wawili wa kalafati, kila mmoja wao akiweza peke yake kuziba ufa wowote unaofunguka baina ya mbao. Aliyezaliwa na nakala mbili timamu husafiri na mafundi wote wawili, akianguka mmoja yupo wa pili. Aliyerithi nakala moja yenye hitilafu ameanza safari na fundi mmoja, na jahazi lake haliingii maji siku hiyo wala mwaka huo, kwa kuwa mmoja huyo atosha kwa kazi. Ila siku akiondoka na yeye, katika chembe moja tu ya ziwa, hapana tena wa kuziba, na kosa huzaa kosa mpaka chembe hiyo ikaanza kuzaana pasipo mpaka. Na mwanamke asiyerithi hitilafu yoyote naye huweza kufikia mahali hapo hapo, ila kwa njia ndefu zaidi, kwa majeraha yaliyopatikana moja moja katika umri wake.

Basi saratani yenyewe hairithiwi. Mtoto hazaliwi nayo, na wapo wanaobeba hitilafu hii umri wao wote, wakazeeka, wakawaona wajukuu, wakafa kwa jambo jingine kabisa. Hesabu zilizotolewa mwaka 2017, baada ya kufuatilia maelfu ya wanawake wenye hitilafu hizi, zinaonyesha kuwa katika kila 100 wenye hitilafu ya BRCA1 yapata 72 hupatwa na saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80, na wenye hitilafu ya BRCA2 yapata 69, hali ya kuwa wanawake wote wa Marekani wakihesabiwa pamoja ni 12 au 13 tu katika kila 100. Na saratani ya ovari, ambayo ni ndugu wa maradhi haya na ni mjanja zaidi katika kujificha, huwapata 44 wa kundi la kwanza na 17 wa kundi la pili. Hizi ni idadi za kutisha, sitaki kuzipunguza. Lakini mwenye kuzisoma na asome na upande wake wa pili, wa wale 28 na wale 31 ambao ziwa lao halikuguswa, kwa kuwa hukumu iliyokwisha kukatwa haibakishi mtu.

Kwa upande wa tofauti, zipo, tena kubwa. Saratani ya kurithi huja mapema, mara nyingi katika miaka ya thelathini na arubaini, wakati ambapo mwanamke bado analea, na wakati ambapo daktari asiye na hadhari hulitazama donge la kifuani mwake na kumwambia ni la maziwa, arudi nyumbani. Ile ya BRCA1 aghalabu haina hata kimoja kati ya vipokezi vitatu ambavyo matabibu huvilenga kwa dawa, kwa hiyo vidonge vya kuzuia homoni, vinavyowasaidia wanawake wengi, havimfai mwenye saratani hiyo. Na ile ya BRCA2 hufanana zaidi na saratani ya kawaida. Kisha, mwanamke aliyekwisha kupona ziwa moja huwa na khofu ya haki juu ya la pili, kwa sababu katika miaka 20 inayofuata yapata 40 katika kila 100 wa BRCA1, na 26 wa BRCA2, huugua upande wa pili. Na wanaume hawakusalimika, kwani mwenye hitilafu ya BRCA2 huweza kupatwa na saratani ya matiti yeye mwenyewe, jambo ambalo wengi wa wanaume wetu hawajapata hata kulisikia.

Lakini je, maradhi yakisha kuingia, yule aliyeyarithi hufa upesi zaidi kuliko mwenziwe? Jawabu ambalo kila mtu alilidhani ni ndiyo, na dhana hiyo imewafanya wagonjwa wakate tamaa na jamaa zao wawakatie tamaa. Huko Uingereza, Profesa Diana Eccles wa Southampton na wenzake waliwaandikisha wanawake 2,733 waliogunduliwa saratani ya matiti baina ya mwaka 2000 na 2008, wote wakiwa na umri wa miaka 18 hata 40, kutoka hospitali 127. Katika hao, 338 walikutwa na hitilafu ya BRCA1 au BRCA2, nao wakafuatiliwa sawasawa na wengine kwa miaka mingi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Baada ya miaka kumi, katika wale wenye hitilafu walikuwa hai 73 katika kila 100, na katika wale wasiokuwa nayo walikuwa hai 70, tofauti ambayo wenye elimu ya hesabu hawaihesabu kuwa ni tofauti. Ninaliweka jambo hili mbele ya msomaji kwa mkazo, kwa sababu linavunja nguzo ya khofu nzima: njia za kuyaingilia maradhi ni mbili, lakini wakisha kuingia na wakatibiwa kwa matibabu yanayostahili, mrithi na asiye mrithi husimama mahali pamoja, na tumaini la mmoja halikupungua mbele ya tumaini la mwingine.

Na lipo jambo jingine ambalo kila nikilitafakari hunizidishia kuistaajabia hikima iliyomo katika maumbile. Chembe ya saratani iliyopoteza nakala zote mbili za BRCA imeupoteza mlango wake bora wa kujitengeneza, ikabaki inategemea milango midogo. Na wanazuoni wakatengeneza dawa, mojawapo ikiitwa olaparib, inayoufunga mlango mmojawapo kati ya hiyo, hata chembe ya saratani ikashindwa kujiponya ikafa, hali ya kuwa chembe nzima za mwili, ambazo bado zina nakala moja timamu, zikaendelea kuishi. Upungufu ule ule uliouzaa uvimbe umekuwa sababu ya kuuangamiza. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya matiti iliyosambaa mwaka 2018.

Sasa tulirejee swali la kwanza. Katika jamii zetu mwanamke mwenye saratani ya matiti huhukumiwa mara mbili, na hukumu hubadilika kwa kadiri ya nasaba yake. Ikiwa mamake na bibi yake waliugua, husemwa kuwa ukoo ule una mkosi, au una laana, au kuna babu aliyekula yamini ya uongo akaacha deni lisilolipwa, au mizimu haikuridhishwa. Na ikiwa katika ukoo wake hakuna aliyeugua, basi mzigo hugeuzwa ukatwikwa yeye mwenyewe: alichelewa kuzaa, hakunyonyesha, alikula vya kopo, alizoea kuweka pesa na simu ndani ya sidiria, jambo ambalo halina ushahidi wowote, au amepatwa na jicho la hasidi kwa ajili ya maringo yake. Ni kweli kwamba pombe na unene wa baada ya kukoma hedhi huongeza hatari, na kunyonyesha huipunguza kidogo. Lakini mambo hayo hupandisha na kushusha hesabu ya maelfu, wala hayamwambii mtu yeyote kwa nini huyu aliye kitandani mbele yetu ameugua na dada yake hakuugua. Aliyerithi analaumiwa kwa wahenga wake, asiyerithi analaumiwa kwa nafsi yake, na wote wawili wanalipishwa deni ambalo hawakulikopa.

Katika Injili ya Yohana imo habari ya wanafunzi waliomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza mwalimu wao ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake; naye akayakataa yote mawili. Waislamu nao wanaamini kwamba nafsi haibebeshwi dhambi ya nafsi nyingine, na wanaijua habari ya Nabii Ayubu, ambaye mwili wake uliharibika pasipo kosa lake wala la jadi yake. Si haba, basi, kwamba katika dini zetu zote mbili kubwa mlango wa lawama ya nasaba umefungwa, na anayeufungua anaufungua kwa mkono wake mwenyewe, na dini haikumtuma.

Hata hivyo kuondoa lawama hakumalizi jambo, maana wapo wakweli wasiomlaumu mtu lakini wasemao: maadamu maradhi haya yameandikwa katika damu tangu tumboni, kuna faida gani kuyapima, kuyakimbia au kuyakata? Kadari haikimbiwi. Kwa hawa, jawabu bora ninalolijua halimo katika vitabu vya matabibu, limo katika tarikhi ya Uislamu, katika zama za Khalifa Omar bin Khattab, alipokuwa akienda Sham, na alipofika Sargh akapata habari kuwa tauni imezuka katika nchi ile. Aliwashauri Muhajirina, akawashauri Ansari, akawashauri wazee wa Kikureshi, kisha akaamua kurejea Madina na watu wake. Abu Ubaida bin Jarrah, amiri wa majeshi ya Sham na mmoja wa masahaba watukufu, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Na Omar akamjibu kwamba ndivyo, anaikimbia kadari ya Mungu akielekea kadari ya Mungu vile vile. Jawabu hili halikuipinga kadari wala halikuipunguza, lilimrejesha mtu kwenye nafasi yake: njia zote mbili zimo katika elimu ya Muumba, na mja ameachiwa kuchagua kwa kadiri ya maarifa aliyopewa.

Kisa hiki kina mwisho ambao wasimulizi wengi huupitia haraka. Abu Ubaida alirudi kwa jeshi lake, akakaa nalo, akafa kwa tauni hiyo hiyo, tauni ya Amwas. Na hakuna mwanachuoni aliyesema kuwa Omar alikosa imani kwa kurejea, wala kuwa Abu Ubaida alikosa akili kwa kubaki. Mbele ya balaa moja waja wema wawili walichagua njia mbili, kila mmoja kwa dhima iliyokuwa shingoni mwake. Ninayataja haya kwa sababu mwanamke aliyejijua kuwa amerithi hitilafu husimama mbele ya njia kama hizo. Ya kwanza ni kukaa na mwili wake kama ulivyo huku akiuchunguza kila mwaka kwa vyombo, tangu umri wa miaka 25 au 30, ili maradhi yakija yakutwe yangali madogo. Na ya pili ni kuondoa matiti kabla hayajaugua, jambo linalopunguza hatari kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi, pamoja na ovari na mirija yake baada ya kwisha kuzaa. Mwigizaji Angelina Jolie, ambaye mama yake alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 56, aliutangazia ulimwengu mnamo Mei 2013 kwamba amechagua hii ya pili kwa sababu ya hitilafu ya BRCA1, na wanawake wengi wa nchi nyingi wakaenda kupimwa baada ya kusikia habari yake.

Wapo wasemao kuwa kukata kiungo kizima ni kuligeuza umbo la Mungu. Maoni yangu ni kwamba kizuizi hicho kilikusudiwa kiburi na mapambo ya upuuzi, na hakikukusudiwa mtu anayehifadhi uhai, kwa kuwa mwili ni amana, na mwenye kuwekewa amana akiona hapana budi kutoa sehemu ili kuokoa zima hakuikhini amana yake. Lakini kwa hoja hiyo hiyo sioni haki ya mume, wala ya mama mkwe, wala ya tabibu, kumlazimisha mwanamke afanye hivyo au asifanye. Ziwa ni lake, khofu ni yake, na watoto atakaowaacha au atakaowalea ni wake. Shauri ni la wote, na uamuzi ni wake peke yake.

Wengine hukichukia kipimo chenyewe, wakisema ni kuchungulia ghaibu. Ghaibu ni ya Mungu, sina shaka. Lakini kipimo hakisemi nani ataugua, wala siku gani, wala nani atakufa. Kinasema kilichokwisha kuwako ndani ya mwili tangu siku ya kutungwa mimba, kama vile kipimo cha damu kinavyosema kuwa huyu ana chembe mundu na yule hana. Ninachokubaliana nacho katika khofu hiyo ni kuwa elimu ya namna hii haifai kushindiliwa kwa mtu asiyeitaka, na kwamba watoto wadogo wasipimwe kwa ajili ya hitilafu hizi, maana hapana la kufanya katika utoto wao, waachwe wakue waamue wenyewe.

Na elimu hii ni mali ya nani? Swali hilo lilifika mahakamani. Kampuni ya Myriad Genetics ya Utah ilikuwa na hataza juu ya jeni za BRCA, hata kwa miaka mingi hakuna mwingine Marekani aliyeweza kuzipima ila yeye na kwa bei yake. Na tarehe 13 Juni 2013 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo walihukumu kuwa DNA kama ilivyo katika maumbile haiwezi kuwa miliki ya mtu aliyeitoa mwilini tu. Hukumu ya kisheria, lakini ndani yake imo itikadi ambayo kila mcha Mungu angeitia sahihi.

Linalonikera zaidi, hata hivyo, liko mbali na mahakama, limo majumbani mwetu. Tabibu wa elimu ya urithi akikutana na mgonjwa kwa mara ya kwanza, kabla ya sindano na kabla ya dawa, huchukua karatasi tupu na kalamu. Huchora duara kwa kila mwanamke na mraba kwa kila mwanamume, mstari wa kulala baina ya mume na mke, na mstari wa kusimama kuwashukia watoto. Aliyeugua hutiwa wino ndani ya alama yake, aliyefariki hupigwa mstari wa mshazari. Kisha huuliza: huyu aliugua akiwa na umri gani? Ziwa moja au yote mawili? Yuko aliyekufa kwa uvimbe wa tumbo, ambao huenda ulikuwa wa ovari? Na upande wa baba je? Kwa wengi wetu kalamu husimama hapo. Sisi watu wa pwani tunazihifadhi nasaba zetu kwa fahari, mtu akakutajia babu wa saba na mji aliotoka, lakini hajui shangazi yake aliyemlea alikufa kwa maradhi gani, kwa sababu yalifichwa, na kanga ikafunikwa juu ya ziwa lililooza mpaka siku ya kukoshwa maiti.

Ninaijua sababu ya kuficha, nayo si ndogo. Inapokuja posa, wazee huulizia asili, na mama huogopa kuwa habari ya ugonjwa wake itawafungia binti zake milango ya ndoa. Lakini mirathi hii haigawanywi kama faraidhi ya mali, ambayo mwana mume huchukua mafungu mawili na mwana mke moja. Hapa kila mtoto, wa kiume na wa kike, ana nafasi sawa, nusu kwa nusu, ya kupokea nakala yenye hitilafu, na baba huipitisha kama mama anavyoipitisha, tena akiwa mzima asiye na dalili. Ukoo unaomkataa bibi arusi kwa ajili ya mama yake huenda umeibeba hitilafu ile ile katika wanawe wa kiume, walioipokea kwa baba asiyewahi kuumwa kifua. Wala hakuna taifa la kunyooshewa kidole: katika Mayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki na ya Kati mtu mmoja katika kila 40 anayo mojawapo ya hitilafu tatu za kale za jeni hizi, Iceland ina yake, na katika bara letu, wanawake 1,136 wa Nigeria wenye saratani ya matiti walipopimwa, katika uchunguzi ulioandikwa mwaka 2018 na Profesa Olufunmilayo Olopade wa Chuo Kikuu cha Chicago, mzaliwa wa nchi hiyo, pamoja na wenzake, takriban 15 katika kila 100 walikutwa na hitilafu ya kurithi katika jeni mojawapo ya namna hii.

Hesabu hiyo ya Nigeria yafaa isomwe na yule anayejiona salama pia. Ikiwa 15 walirithi, basi 85 hawakukutwa na kitu cha kurithi. Na ulimwenguni kwa jumla saratani ya nasaba huhesabiwa kuwa baina ya 5 na 10 tu katika kila 100 za saratani za matiti. Mwanamke asemaye, 'kwetu haipo,' hajapata kinga yoyote kwa kusema hivyo, na wengi wanaofika hospitali katika nchi zetu wakiwa wamekwisha kufika hatua ya tatu au ya nne walikaa nyumbani na donge kwa miezi kwa sababu ya neno hilo moja.

Kipimo cha jeni bado ni ghali kwetu, na mahali pa kukipata ni pachache. Lakini nusu ya elimu hii haina bei, nayo ni kusema. Mwenye kujua kuwa maradhi yake huenda yamo katika damu ya dada zake na wanawe, akanyamaza mpaka akafukiwa nayo, amezuia haki ya watu, na sioni udhuru wa aibu unaoweza kuisimamia haki hiyo. Msomaji, kamwulize mamako, na kamwulize babako vile vile, wazee wenu wa kike walikufa kwa nini na katika umri gani, uyaandike majibu yao. Na wewe uliyegunduliwa, waambie ndugu zako, wa kike na wa kiume, jina la maradhi yako na umri uliokuwa nao yalipokuanza. Waambie mwenyewe, ungali hai.